Kibali cha mgeni ni deni la mwajiri

Mwishoni mwa Julai 2025 Serikali ya Muungano ilichapisha amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara, na tangu hapo hapa Unguja suali limekuwa moja: na sisi lini? Wengine hawaulizi hata hilo. Wanaamini amri imeshavuka bahari, na kwamba mgeni yeyote anayeonekana kazini Paje au Kiwengwa anavunja sheria mchana kweupe. Wamekosea, lakini kosa la kutojua mipaka ya sheria linarekebishika kwa dakika tano. Linalonishughulisha zaidi ni dhana iliyo nyuma ya suali lenyewe, kwamba Zanzibar inachokosa ni orodha kama ile. Chombo kinachofaa tunacho tayari, nacho ni kibali cha kazi, ila tumezoea kukitazama kama karatasi ya mgeni. Anayekiomba ni mwajiri, kwa sababu anazozieleza mwajiri, na ndani yake mna ahadi ya mwajiri kwamba hapa nchini amemtafuta mtu wa kazi ile akamkosa. Ahadi hiyo huchunguzwa siku ya maombi. Baada ya hapo ni nadra mtu kurudi kuiulizia.

Amri ya Julai ilitolewa chini ya sheria ya leseni za biashara ya Bara. Inagusa biashara za jumla na rejareja, uwakala wa kutuma na kupokea pesa kwa simu, utengenezaji wa simu, saluni, usafi wa majumba na ofisi, uchimbaji mdogo wa madini, uongozaji watalii, udalali, ununuzi wa mazao shambani na mengineyo ya namna hiyo. Adhabu yake kwa mgeni ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 au kifungo kisichozidi miezi sita, na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Raia anayemsaidia naye ana faini yake. Kenya ililalamika hadharani, na mjadala ukawa wa Dar es Salaam na Nairobi. Zanzibar haimo humo. Leseni za biashara za ndani si jambo la Muungano, na sisi tuna sheria na mamlaka zetu za leseni. Muuza duka wa Darajani anayetaka kujua mgeni anaruhusiwa kufanya nini hapa hatalipata jibu kwenye tangazo la waziri wa Bara.

Na kazi nayo haimo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Uhamiaji na uraia vimo, kwa mujibu wa Nyongeza ya Kwanza ya Katiba ya 1977, lakini ajira ni mamlaka ya Serikali ya Mapinduzi, na sheria yake kuu ni Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005. Ndiyo maana mwajiri wa Zanzibar anayetaka kumleta mtu kutoka nje ana milango miwili ya kupita. Kwa Kamishna wa Kazi anatafuta ruhusa ya mtu kufanya kazi. Kwa Uhamiaji anatafuta ruhusa ya mtu huyo kukaa. Moja haijazi nafasi ya nyingine. Mgeni mwenye kibali cha ukaazi alichokipata kwa ajira ya Dar es Salaam hahamishiwi hoteli ya Matemwe kwa barua ya ndani ya kampuni. Viza ya biashara, ile ya dola 250 na siku 90, ni ya shughuli ya muda mfupi, haizai ajira ya mwaka. Anayejitolea kufundisha skuli bila ya mshahara naye ana taratibu zake, ingawa watu wengi hudhani kutolipwa kunamtoa kwenye sheria. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu wapo waajiri waungwana kabisa wanaoingia kosani hapa, na wapo wajanja wanaojificha nyuma ya mchanganyiko huu huu.

Sasa tuichukue ile orodha tuiweke juu ya ramani yetu tuone itakamata nini. Mgeni anayelalamikiwa Zanzibar aghlabu si wa kutengeneza simu wala wa kununua karafuu shambani. Ni meneja wa mapokezi, mpishi mkuu, msimamizi wa manunuzi, mkufunzi wa kuzamia Nungwi, mkufunzi wa kaiti (ule mchezo wa kuburutwa na tiara juu ya maji) Paje, mshauri wa ujenzi wa nyumba za kukodisha, mwalimu wa yoga. Hawa ni waajiriwa, au wanajifanya si waajiriwa. Orodha ya biashara zilizopigwa marufuku haiwafikii, kwa sababu wao hawaombi leseni ya biashara. Tena amri hiyo ya Bara imetoa nafasi kwa saluni zilizomo ndani ya hoteli au za kuhudumia watalii. Kwa uchumi wa Bara hilo ni tundu dogo la sindano. Kwa kisiwa kilichopokea wageni zaidi ya 700,000 mwaka 2024, tundu hilo ndilo lango kuu. Wanaodai tuige orodha wanaomba wavu ambao samaki wetu atapita katikati yake.

Hoja yao ina uzito mmoja ambao sitaki kuudharau: orodha ni nyepesi kueleweka. Sheha anaisoma, askari anaisoma, mwananchi anaisoma, na hakuna ofisa wa kukaa chini kupima nani anastahili. Kibali cha kazi ni kinyume chake. Kinategemea uamuzi wa mtu juu ya ushahidi ulioletwa na mtu mwingine, na palipo na uamuzi pana mlango wa kupenyezea bahasha. Hofu hiyo ni ya haki. Ila dawa yake ni kuufanya uamuzi uonekane, maana hata orodha ikitungwa, atakayesema mgeni huyu ni «mshauri» na yule ni «mfanyabiashara» atakuwa ofisa yule yule.

Ushahidi wenyewe hutengenezwaje? Nimewahi kusoma tangazo la nafasi ya msimamizi wa mapokezi katika hoteli moja ya pwani ya mashariki. Mwombaji alitakiwa awe na uzoefu wa miaka minane kwenye hoteli ya nyota tano, azungumze Kitaliano, Kipoland na Kiingereza kwa ufasaha, awe tayari kuanza ndani ya siku saba, na maombi yapelekwe kwa njia ya barua pepe kabla ya Ijumaa. Tangazo limetoka Jumanne. Mshahara haukutajwa. Tangazo la namna hii halitafuti mtu. Mtu ameshapatikana, pengine ameshakata tiketi, na linalotafutwa ni karatasi ya kuthibitisha kwamba Wazanzibari walitangaziwa na hawakujitokeza. Ofisa anayepokea jalada lenye tangazo hilo atalikuta limekamilika. Hana cha kulikatalia, isipokuwa awe na ruhusa ya kuuliza kwa nini msimamizi wa mapokezi lazima ajue Kipoland wakati hoteli ina vijana wawili wa kike kutoka Bwejuu wanaowapokea Wapoland kila siku kwa lugha waliyojifunza kaunta.

Waajiri wana la kusema, na sehemu kubwa ya wanayosema ni kweli. Utalii umekua kwa kasi ambayo vyuo havikuweza kuifuata. Kampasi ya utalii ya SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, pale Maruhubi inatoa wahitimu kila mwaka, na vituo vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kama Mkokotoni na Mwanakwerekwe vinatoa wapishi, mafundi umeme na mafundi bomba, lakini mpishi aliyemaliza mafunzo ya amali mwaka jana si mtu wa kukabidhiwa jiko linalolisha wageni 400 kwa usiku mmoja. Wapo pia wataalamu ambao nchi yoyote ingewatafuta nje: fundi wa mitambo ya kusafisha maji ya bahari, mpangaji wa bei za vyumba anayefanya kazi na masoko manne kwa wakati mmoja, mkufunzi wa kuzamia mwenye daraja la kuwafundisha wakufunzi. Mwajiri akisema hapa hakuna, aaminiwe. Na akisema kwamba mzunguko wa milango miwili, kila mmoja na ada yake na fomu zake, unamchelewesha, aaminiwe pia, hasa mwenye nyumba ya wageni yenye vyumba sita ambaye hana mwanasheria wa kumfuatilia.

Nisichoweza kumeza ni hoja nyingine inayosemwa kwa sauti ya chini, tena wakati mwingine na Wazanzibari wenzetu: kwamba vijana wa hapa hawataki kazi za hoteli, dini inawazuia, wazee wao hawawaruhusu, na wakiajiriwa hawadumu. Zipo familia zisizotaka mtoto wao ahudumie pombe, na msimamo huo unastahili heshima. Lakini hoteli si baa peke yake. Ina uhasibu, ina ghala, ina mafundi, ina bustani, ina dobi, ina ofisi ya kupokea oda za vyumba ambayo mgeni wake haonekani hata kwa sura. Ukikuta hoteli ambayo meneja wa fedha, mkuu wa mafundi na msimamizi wa oda za vyumba wote ni wa kutoka nje, kisingizio cha pombe hakimfiki hata mmoja wao. Na kuhusu kutodumu, tuangalie kinachodumisha. Kima cha chini cha sekta binafsi kilipandishwa mwaka 2024 kutoka shilingi 270,000 hadi 347,000 kwa mwezi. Anayepokea karibu na hapo, akitoka Donge au Makunduchi kwa gari mbili, akaondoka kazini saa nne za usiku wakati daladala zimekwisha, hahitaji fatwa ya kumwachisha kazi.

Ninaye jamaa yangu ambaye ni naibu mpishi katika hoteli ya kaskazini. Amefanya kazi chini ya wapishi wakuu watatu kutoka nje, na wote watatu ni yeye aliyewaonesha wapi pa kupata pweza mzuri, nani wa kumwamini kwa kamba, na siku gani soko halina kitu kwa sababu ya bamvua. Kila mmoja alipoondoka, nafasi ilitangazwa, na kila tangazo lilitaka kitu ambacho yeye hana: cheti cha chuo cha Ulaya safari moja, uzoefu wa nje ya Afrika Mashariki safari nyingine. Hana kinyongo na waliokuja. Mmoja alimfundisha kutengeneza mikate asiyoijua. Anachosema ni kwamba tangu aanze kazi hakuna mtu kutoka serikalini aliyewahi kuingia jikoni kumuuliza yeye kama anafundishwa.

Suali la jikoni ndilo ambalo mfumo wetu haujalizoea. Bara wamelitia kwenye sheria: ile Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya 2015 inamtaka mwajiri aandae mpango wa kurithisha ujuzi kwa wenyeji, na imeweka ukomo. Kibali ni cha miezi 24, kinaweza kuongezwa, lakini kwa mwajiriwa wa kawaida jumla isizidi miaka mitano. Sheria hiyo si yetu, na kuitekeleza kwao kuna kasoro zake, lakini kama nia ni kuiga, ningeiga hii kabla ya ile orodha ya Julai. Inamshika mwajiri mkono na kumpa tarehe.

Kabla ya kwenda mbele, mambo mawili yanayovuruga mjadala huu yawekwe pembeni. Kwanza, Mtanzania kutoka Tanga, Mwanza au Arusha si mgeni wa sheria hizi. Ni raia, na kibali cha kazi hakimhusu. Najua kwamba baadhi ya wanaopiga kelele juu ya «wageni mahotelini» wanamaanisha watu wa Bara, na najua pia kwamba ushindani huo upo na unaumiza katika shehia zilizo jirani na hoteli. Lakini ni jambo la sera ya ajira kwa vijiji vya jirani na la mafunzo. Anayetaka kulitatua kwa kibali cha mgeni atavunja katiba na hatapata ajira hata moja. Pili, Mkenya na Mganda ni wageni, japokuwa ni wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, ilifungua milango kwa wafanyakazi wa nchi wanachama kwa makundi ambayo kila nchi iliyaorodhesha, na haikukifuta kibali. Mwajiri anayesema «huyu ni wa Afrika Mashariki, hahitaji karatasi» amesikia nusu ya habari.

Kwamba Wazanzibari wanachukia wageni ni madai mengine yanayotolewa kila sheria ikitajwa, na historia inayakataa. Madaktari wa Kichina wamekuwa wakija hapa kwa zamu tangu 1964, na hospitali ya Abdulla Mzee pale Mkoani, Pemba, ilijengwa upya kwa msaada wa China ikafunguliwa 2016. Sijamsikia mgonjwa wa Kengeja akiuliza kibali cha daktari. Kampasi ya IIT Madras ilianza kufundisha Bweleo mwaka 2023 ikiwa na walimu kutoka India, na wazazi waligombania nafasi badala ya kugombana na walimu. Mtu anayeleta ujuzi unaoonekana, na ukamwona anauacha, hapati tabu ya kupokewa. Hata kwenye mifano hii ya kujivunia, hata hivyo, suali la jikoni lipo. Zaidi ya miaka 60 ya madaktari wa zamu ni muda wa kutosha kuuliza ni Wazanzibari wangapi wamesomeshwa upasuaji kando yao, na jibu lichapishwe.

Tukikubali kwamba deni ni la mwajiri, mambo kadhaa yatabadilika, na la kwanza ni nani anaumia sheria ikivunjwa. Leo mgeni akikamatwa hana kibali, picha tunayoiona ni ya mgeni: amefungasha, anarudishwa kwao. Aliyemleta, aliyemwambia «anza kazi, karatasi zinakuja», atalipa faini pengine, kisha ataleta mwingine. Kumbe yule aliyefungasha mara nyingi ndiye dhaifu kuliko wote. Kibali kinamfunga kwa mwajiri mmoja. Bila ya kibali, hathubutu kwenda kudai mshahara, kwa sababu ofisi atakayoishitakia ndiyo itakayomuuliza karatasi. Mwajiri anayeijua hofu hiyo humlipa kidogo, humfanyisha kazi saa nyingi, na kwa kufanya hivyo anamshusha bei kijana wa hapa aliyesimama foleni moja naye. Anayemtetea mfanyakazi wa Zanzibar, kwa hiyo, ana maslahi ya moja kwa moja katika mgeni kuweza kushitaki bila ya kuogopa kusafirishwa kwanza.

La pili ni wakati wa kuhuisha kibali. Hapo ndipo serikali ina nguvu ambayo haina siku ya kwanza, kwa sababu mara ya kwanza mwajiri anaahidi tu. Mara ya pili anaweza kuonesha. Jina la mwenyeji aliyewekwa kujifunza, alichofundishwa, mshahara wake ulipotoka na ulipofika, na mkaguzi wa kazi ambaye amekwenda Nungwi akazungumza naye peke yake, bila ya meneja kusimama mlangoni. Kama mwenyeji huyo ameshafaa, kibali kisihuishwe. Kama hajafaa, kuwe na sababu iliyoandikwa. Ukaguzi huu una gharama, na waajiri watasema mzigo umeongezeka. Nami nakubali uongezeke hapa, mradi upungue kule mwanzoni: mwajiri mwenye rekodi safi apite haraka, milango miwili izungumze, asipeleke nakala zile zile mara mbili.

Upungue pia kwa kazi za msimu, kwani hapa sheria inalazimisha watu wema kudanganya. Mchezo wa kaiti unafuata upepo. Kaskazi inavuma kuanzia Disemba hadi karibu na Machi, kusi inashika katikati ya mwaka, na kati ya hizo skuli za kaiti za Paje na Jambiani zinalala. Mkufunzi anayehitajika kwa wiki kumi hana sababu ya kuomba kibali cha mwajiriwa wa miaka. Matokeo yake anaingia kwa viza ya matembezi ya dola 50, anafundisha, anaondoka, na hakuna anayejua alikuwepo. Kibali cha msimu, chenye ada ya msimu na sharti la mkufunzi mmoja wa kijijini kwa kila mgeni, kingeingiza fedha serikalini na kingewapa vijana wa Paje, ambao baadhi yao wanapanda mawimbi vizuri kuliko walimu wao, vyeti vya kufundishia wanavyovikosa.

La tatu ni takwimu. Kamisheni ya Kazi inajua ni nafasi zipi zinazoombewa vibali, katika sekta zipi, zimehuishwa mara ngapi. Majina ya watu yabaki siri, lakini orodha ya nafasi ikichapishwa kila mwaka, Maruhubi na Mafunzo ya Amali wangejua wafundishe nini, na mzazi wa Wete angejua mtoto asomee nini. Na hapo ndipo ile lugha ya Kipoland ingegeuka kuwa kozi ya miezi tisa badala ya kuwa kizuizi kwenye tangazo.

Pemba ina nafasi ambayo Unguja imeshaipoteza. Hoteli zake ni chache, na eneo huru la uchumi la Micheweni bado lina ardhi kubwa isiyojengwa. Mikataba ya uwekezaji inayopitia ZIPA, mamlaka ya kukuza uwekezaji Zanzibar, ndiyo mahali pa kuandika, kabla ya jiwe la kwanza, nafasi ngapi zitaanza na wageni, kwa muda gani, na kituo cha amali cha Vitongoji kitaandaa nani wa kuzichukua. Mwekezaji makini hataogopa kifungu hicho. Kitampunguzia mishahara ya dola na tiketi za ndege. Atakayekikataa ametuambia mapema, kabla hajapewa ardhi, kwamba hana nia ya kumkabidhi Mpemba funguo za ofisi.